Mota ya Nyuma Kushoto

Sadiqabad, 9 Novemba 2023

Inayat,

Assalamu alaykum. Salamu ni haki ya kila Mwislamu, hata wewe. Sisi tu wazima. Pamba tumeshaichuma, nusu yake ililiwa na funza kabla yetu. Nyati wetu wa maziwa amezaa jike, na maziwa ni mazito kiasi kwamba mke wa shemeji yangu sasa anakuja kutujulia hali kila asubuhi, sufuria mkononi. Mume wangu Maqbul ni yule yule: juu ya kiuno simba, chini ya kiuno ni kazi yangu. Yeye ndiye anayeandika, mimi nasema. Unajua vizuri baba alimpeleka nani shule na nani alibaki nyumbani kusuka waya wa mota za feni.

Usinipigie simu. Niliapa kwa Msahafu pale hospitalini kwamba sauti yako haitaingia tena sikioni mwangu, wala yangu mwako, mpaka mmoja wetu aoshwe na kuvikwa sanda. Karatasi haina sauti.

Sasa nirudishie binti yangu.

Tanzila aliniaga mwezi wa nane. Akasema anakwenda Gujrat kumsaidia mkeo Shamshad, goti linamsumbua. Nikampikia na halua ya safari, mjinga mimi. Goti gani hilo la miezi mitatu? Jana kijana wa dukani kanionyesha picha kwenye simu yake. Mwanangu amekaa kwenye kiti cha plastiki, kile cha kukodisha harusini, mapanga manane ya feni yamemzunguka, anacheka. Kijana ananiambia, "Hongera mama, binti anakuwa rubani." Nilimrudishia simu yake kimya, maana ningefungua mdomo ningemtukana mtoto wa watu.

Haijatimia hata miaka mitatu tangu umkalishe mume wangu kwenye kiti kama hicho na kumrusha juu ya ngano ya watu. Alikwenda juu kama ghorofa mbili, akarudi chini amevunjika mgongo. Nimehama mji niliozaliwa nikaja kukaa kwa wakwe zangu ili nisipite mbele ya karakana yako. Mume umekwisha kunivunjia. Sasa umehamia kwa binti?

(Shemeji, hapa amekuita jina ambalo kalamu imekataa kuandika. Endelea tu. Maqbul.)

Mpandishe treni kabla mwezi haujaisha.

Dada yako, kwa sababu baba hakuniuliza,
Hafizan


Gujrat, 2 Desemba 2023

Dada Hafizan,

Waalaykum salaam. Barua yako ilikaa posta siku kumi na mbili, kisha ukungu ukaingia na kila kitu kikasimama. Huku ni baridi. Shamshad anakusalimu, na goti lake lipo kweli, linauma kweli, usimdharau mke wangu kwa sababu yangu. Mzee Barkat wa duka la vanishi amefariki, Mungu amrehemu. Mwambie Maqbul, walikuwa wakitaniana sana.

Karakana imelala. Unajua majira haya hakuna anayenunua feni. Wengine wanacheza karata mpaka Februari, mimi natengeneza chombo cha kuruka. Hiyo ndiyo habari yangu na sioni aibu nayo.

Kuhusu Tanzila, sikumwita. Alikuja na begi moja na cheti chake cha umeme, akaweka cheti juu ya benchi, akasema, "Mjomba, ile ya kwanza ilikuwa na mota nne. Tukiweka nane, mbili kila kona, moja ikifa nyingine inashika." Nilikuwa nimekaa na wazo hilo hilo mwaka mzima bila kumwambia mtu. Ungenishauri nimfukuze? Ana miaka ishirini na tatu. Wewe ukiwa na umri huo ulikuwa na mtoto na ulikuwa unasuka mota arobaini kwa siku.

Na kama unataka kujua kwa nini ni yeye atakayekaa na si mimi: chombo kinabeba kilo sitini zaidi ya uzito wake. Mimi nina tisini na moja. Shamshad hajui kupika chapati bila samli. Tanzila ana arobaini na tisa, na hakuna fundi hapa atakayekubali kukaa. Sokoni bado wananiita Rubani wa Ngano. Wanapaza sauti nikipita, "Rubani, leo unavuna wapi?" Nimevumilia hayo, na nimevumilia na wewe. Hii ni barua ya nne unaniita muuaji wa mtu aliye hai. Sijawahi kukujibu, dada. Usinilazimishe.

Chombo kile kilikuwa sawa. Nitakuonyesha, wewe na soko zima, kwamba kilikuwa sawa.

Ndugu yako,
Inayat


Sadiqabad, 20 Desemba 2023

Inayat,

Assalamu alaykum. Tumepata msiba wa Barkat, tumemsomea. Maqbul alilia kisha akacheka, akasema mzee yule alikufa bila kumlipa ile dazeni ya mayai waliyopigia dau. Ndama anaendelea vizuri. Miwa inakatwa, barabara imejaa matrekta, kufua nguo ni bure maana vumbi linazivaa kabla yetu.

Habari nyingine ni hii: wale watu wa mji wa Rahim Yar Khan waliomposa Tanzila wameturudishia pete. Walikuja watatu, wakanywa chai, wakala biskuti zote, ndipo mama mtu akasema mwanawe anatafuta mke wa kukaa nyumbani, si wa kukaa hewani. Akacheka kwa mzaha wake mwenyewe. Nilimfungia zile pipi alizoleta nikampa arudi nazo. Hilo nalo ni lako, liweke kwenye mafungu yako.

Unasema chombo kilikuwa sawa. Kilikuwa sawa! Mtu amelala kwenye kitanda cha kamba miaka mitatu, mimi ndiye ninayemgeuza ubavu asioze, na wewe unaniandikia kwamba chombo kilikuwa sawa. Kama kilikuwa sawa kwa nini mabaki yake uliyafungia na kufuli jipya siku ile ile? Nilikuja kutafuta kiatu cha Maqbul ukanizuia mlangoni. Polisi ukamwambia ni upepo. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, Inayat. Shuka langu lilikuwa kwenye kamba na halikutikisika.

Unaniambia nisikulazimishe. Nakulazimisha. Kitu gani kilikiangusha? Sema, au nirudishie mtoto. Kimoja kati ya viwili.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tuliambiwa utotoni.

(Nami nimemuuliza kama methali hiyo ni yangu au ni yako. Amesema niandike tu. Lakini swali lake ni zuri, shemeji. Hata mimi ningependa kujua, miguu ilikuwa yangu. Maqbul.)

Hafizan


Gujrat, 17 Januari 2024

Dada Hafizan,

Waalaykum salaam na heri zote kwa ndama. Hapa sote wazima ila mafua. Tanzila anakohoa kidogo, Shamshad anampa maji ya tangawizi na sukari guru. Amenenepa shavuni, usije ukasema tunamnyima. Ameifundisha karakana nzima kuvaa miwani ya kuchomelea, jambo ambalo mimi nilishindwa miaka ishirini. Wanamwita Bibi Inspekta.

Nimesikitika kuhusu pete. Lakini mwanamke anayekula biskuti zote ndipo aseme alichokuja kusema, mwanao ameepushiwa mama mkwe.

Sasa umelazimisha. Nimegeuza ukurasa ili nianze upya. Maqbul, huu wa tatu nao usome wote, kwa sauti, usiruke mstari. Nimechoka.

Hapakuwa na upepo. Nimekubali. Siku ile mlipokwenda hospitali mimi nilibaki na vipande. Nilizifungua mota zote nne na kuhesabu waya wa shaba mzunguko kwa mzunguko, kama baba alivyotufundisha kumkagua fundi mgeni. Nilikuwa nimekuagiza mizunguko kumi na mmoja ya waya kwenye kila jino la chuma. Mbele kulia, kumi na mmoja. Mbele kushoto, kumi na mmoja. Nyuma kulia, kumi na mmoja. Nyuma kushoto, ile iliyokuwa mgongoni mwa Maqbul, kumi na minne. Nikahesabu tena. Kumi na minne.

Hiyo mota ndiyo iliyokuwa ikipata moto wakati wa majaribio. Unakumbuka, uliigusa ukaunguza kidole. Na Ijumaa ile, sisi tukiwa msikitini, uliichukua nyumbani ukaisuka upya, ukairudisha, na jioni ilikuwa imepoa na sote tukakusifu. Hukuniambia uliongeza mitatu. Nilijua kwa nini uliongeza, wala sihitaji kuambiwa. Feni ikipata moto unaiongezea shaba, inapungua mbio kidogo, inapoa, inadumu miaka thelathini juu ya kitanda cha mtu. Mama alifanya hivyo kwa feni za watu aliowapenda. Ni jambo zuri, darini. Lakini angani ile mota ilikuwa dhaifu kuliko nyingine. Betri iliposhuka nguvu, tatu ziliitika na ile ikashindwa, kona ikalala, na mume wako akamwagika kama maji kwenye karai.

Nililifungia hilo kwa kufuli. Polisi nikamwambia upepo. Soko nikaliacha liniite litakavyo. Ulipoapa kwa Msahafu nilisimama kwenye korido ya hospitali nikakuacha uape. Nilisema moyoni, dada huyu ataosha mwili wa mumewe maisha yake yote, hawezi kumwosha na hili juu yake. Nilikuwa tayari kufa nalo. Lakini huwezi kunipiga kila mwezi kwa fimbo uliyoikata mwenyewe, kisha uniulize kwa nini nimekunja uso.

Umeuliza, nimejibu. Salamu kwa wote hapo, na mbusu ndama.

Inayat


Sadiqabad, 3 Februari 2024

Inayat,

Assalamu alaykum. Barua yako imefika, fupi kuliko nilivyotarajia. Tangawizi ni sawa lakini usimpe sukari guru nyingi, inampandishia chunusi. Sisi wazima. Baridi imemshika Maqbul kifua, tangu juma lililopita sauti inamkatika.

Nilikuuliza swali moja, ukanijibu kwa biskuti za mama mkwe na miwani ya kuchomelea. Nilidhani angalau utatukana. Mtu akitukana unajua amekusikia. Wewe umeniletea mafua na salamu kwa ndama, kama vile tunaandikiana kwa raha.

Basi nimejua. Asiye na jibu ana hatia. Nilikuwa nabakiza nafasi ndogo moyoni, kama ya punje ya haradali, kwamba pengine kuna jambo sikulijua. Nimeiziba. Mwambie Tanzila mama yake amesema hivi: akipanda chombo hicho asirudi kwangu, wala mzima wala nusu.

Hafizan

(Shemeji, ni mimi. Ukurasa wa tatu haukufika hapa. Naamini umenielewa. Posta yetu hupoteza kurasa, na ukileta nyingine kama ile nayo itapotea. Usiandike tena jambo hilo. Mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti, na mimi ndiye ninayekuomba. Maqbul.)


Gujrat, 20 Februari 2024

Dada Hafizan,

Waalaykum salaam. Nimeisoma barua yako na nimesoma na pembeni yake. Nimekaa nayo siku tano. Nilikuwa na hasira nilipoandika ile iliyopita, nikamwaga nisichopaswa kumwaga. Basi. Iwe kama mlivyopokea. Niite muuaji, nimekwisha kuzoea, sitakulazimisha wala hutanilazimisha.

Ukungu umeondoka. Haradali imechanua manjano mpaka mtoni. Shamshad anauliza kama bado una ile dawa ya goti ya mafuta ya mbegu za taramira.

Sitaki uambiwe na kijana wa dukani, kwa hiyo nakuambia mwenyewe: tutarusha Ijumaa tarehe 8 Machi, asubuhi, kabla Ramadhani haijaingia na kabla ngano haijawa ndefu. Juu ya uwanja wa tofali safari hii, si shamba la mtu. Tumeshakirusha na magunia ya mchanga mara kumi na moja, kilo hamsini, kimetulia kama ndoo kisimani.

Mota zote nane kazisuka Tanzila. Ungekuwepo ungeona ni mkono wako kabisa, hata ule ulimi unaotoka pembeni akihesabu. Shida ilikuwa moja tu: moja ya nyuma ilikuwa inapata moto. Nilikwenda kwenye maziko Wazirabad siku mbili, niliporudi nikaikuta imepoa. Nikamuuliza umefanyaje, akasema, "Nimeirekebisha, mjomba, usijali." Binti ana mkono. Sikuwa na la kuongeza.

Tuombee, hata kama ni kwa hasira.

Inayat


Sadiqabad, 7 Machi 2024, Alhamisi

Inayat,

Salamu utapewa nikifika. Mwandiko huu ni wa Bi Firdaus, mwalimu wa shule ya wasichana hapa mtaani. Maqbul hajui ninaandika. Yuko nyumbani na redio yake.

Barua yako ya Februari ilifika juzi jioni. Maqbul akanisomea. Alipofika kwenye ile mota ya nyuma iliyopoa, sauti ikamkatika kama ilivyomkatika mwezi wa kwanza. Akaomba maji, akarukia kwenye mafuta ya goti. Sasa mimi sijui kusoma lakini si kiziwi. Mume wangu namjua anapopumua. Jana asubuhi nikimgeuza ubavu nikaingiza mkono ndani ya foronya yake, nikakuta karatasi imekunjwa mara nne. Mwandiko wako naujua, umelala kama ngano iliyopigwa na mvua. Nikaificha nguoni, nikamwambia naenda kuomba hamira, nikaja kwa Bi Firdaus.

Akanisomea kwenye veranda ya shule, watoto wakiimba jedwali la kuzidisha ndani. Kumi na minne.

Nitakuambia ukweli kwa kuwa wewe umeniambia. Niliongeza mitatu. Niliiongeza na bismillahi. Nilikuwa nimeunguza kidole, nikasema kama inachoma kidole changu itachoma mgongo wake. Sikukuambia kwa sababu ungenicheka, ungesema dada anasuka feni ya chumba cha kulala. Na tangu siku ile nilipoona ni kona ipi iliyolala kwanza, kuna kitu kilikuwa kinagonga mlango kichwani mwangu, na kila kikigonga nilikuandikia wewe barua. Sasa umejua kwa nini zilikuwa nyingi.

Usidhani nimemaliza. Hasira yangu haijapungua hata kidogo, imehama chumba tu.

Wewe ulijua. Miaka mitatu ulijua kilichomwangusha mtu, ukakifungia kufuli ukajiona mwungwana. Mume wangu amejua tangu Januari. Ameusoma ule ukurasa kimya, mbele yangu, akaomba chai, akaendelea na "salamu kwa wote hapo" kama mtu anayesoma tangazo. Siku hiyo dengu zilikuwa zimeungua na akazisifu, akaomba tena. Nilidhani ana homa. Wanaume wawili mmenihurumia. Mmenifunika huruma kama blanketi juu ya moto, na chini yake mwanangu mwenyewe anasuka mota kama nilivyomfundisha. Kwa sababu nani alimfundisha? Alikuwa na miaka tisa, amekaa mapajani mwangu, nikimwambia, ikipata moto, iongezee mitatu, ya heri. Kama ungeniambia siku ile ile, ningelia mwaka, ningekuwa nimemkalisha chini nikamwambia, mama yako alikosea, usifanye hivi. Hilo tu. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na nyinyi mlichelea machozi yangu.

Na wewe, mtu wa kuhesabu! Uliyefungua mota nne, mzunguko kwa mzunguko, ulikuta mota ya nyuma imepoa, mkono wako kabisa, binti yangu kabisa, ukafurahi. Ukaandika barua. Hukushika hata bisibisi. Kilo hamsini za mchanga hazipungi mkono, hazigeuki kutazama nyuma, wala hukuzipandisha mpaka betri ichoke. Kwa hilo ningekupiga kiatu mbele ya soko.

Nikavunja kiapo. Bi Firdaus alinishikia simu. Nimekupigia mara tatu, na mara tatu umeiacha ikalia. Baadaye Tanzila ameniambia ulikuwa unaitazama juu ya benchi, ukasema, "Ni Maqbul huyo kaazima simu, sitaki kugombana naye; dada hawezi, ameapa." Kiapo kilikuwa changu, Inayat! Nani alikuambia unitunzie? Nikampigia Tanzila. Nilikuwa sijasikia sauti yake tangu mwezi wa nane. Akasema "Mama?" na mimi sikumsalimu. Nikamwambia, "Ile mota uliyoipoza, ya upande gani?" Akasema ya nyuma kushoto. Bi Firdaus akanisukumia kiti cha mtoto wa darasa la kwanza nikakaa hapo. Nikamwambia aifungue ahesabu nikiwa kwenye simu. Akasema, "Mama, nilihesabu, ni kumi na minne, nimeongeza mitatu kama ulivyo..." Nikamwambia, "Kesho kutwa hakuna kitu kitakachoruka. Mwambie mjomba wako." Akauliza kwa nini. Nikamwambia nitakuja kumwambia.

Amekuambia, najua, na najua umeahirisha. Kama hujaahirisha, kesho nitaona kwenye simu ya yule kijana wa dukani.

Sasa sikiliza. Nimelisha maskini kumi leo mchana, wali na kunde, kafara ya yamini niliyoivunja. Kwa hiyo jiandae, sauti yangu utaisikia. Mke wa shemeji amekubali kumshika Maqbul wiki mbili, anasema ni kwa upendo, mimi najua ni kwa maziwa. Nitapanda treni ya Jumamosi. Ukifungua barua hii huenda nimeshafika, isome hata hivyo, maana mambo mengine sitaki kuyarudia kwa mdomo.

Nitazisuka mota zote nane upya. Kumi na mmoja, kila jino, mbele yako, ukihesabu kwa sauti mpaka koo likauke. Ikipata moto tutatafuta kinachoitia moto, hatutaipoza. Tutafunga Ramadhani tukisuka.

Tanzila anasema zikimalizika atapanda. Nimembishia nusu saa, pesa za simu za Bi Firdaus zikaisha. Hasikii. Nimemwambia atapanda, lakini wa pili. Wa kwanza ni mimi. Bi Firdaus amenipima kwenye mizani ya shule: kilo arobaini na sita na viatu. Mwana wa dada yako ndiye mwepesi unayemjua wewe, kwa sababu hujaniona tangu nianze kumgeuza mtu mzima ubavu mara sita kwa siku. Usiniambie ni hatari. Fundi aliyesuka ndiye akae. Hiyo ingekuwa sheria yako tangu mwanzo Maqbul angekuwa anatembea, na mimi ningekuwa pale alipolala yeye, na ingekuwa haki.

Maqbul nitamwambia usiku huu kwamba nimesomewa ule ukurasa. Sijui nitaanzaje. Nikimwangalia anavyonisubiri na redio yake nataka kumpiga.

Tanzila hajui kilichomwangusha baba yake. Anadhani mama yake ameota ndoto ya mota akapiga simu, anasema mama ana karama. Nitamwambia mimi. Nitamwambia nikiwa nimekaa kwenye kiti hicho cha harusi, nimefungwa mkanda, kabla hajawasha chochote, ili aamue akijua kama anataka kunipandisha. Naye atanipigia kelele, na ana haki, nami nitakaa nizisikilize zote.

Wewe utasimama kando na utanyamaza. Kazi hiyo unaiweza.

Hafizan